Rahab Nyakio na Dakika Tatu za Kihoto

Saa moja na dakika ishirini na mbili jioni, refa anapuliza filimbi na wachezaji wanakimbilia chupa za maji. Ndani ya ukumbi wa mpira ulio mwanzo wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, Rahab Nyakio anasimama, anazima sauti ya televisheni kwa rimoti, kisha anashika kipaza sauti.

Ana dakika tatu. Siku nyingine zote angekuwa ameshaanza kupiga kelele, kwa maana dakika hizo tatu ndizo zinazomlisha. Leo amesimama tu, mdomo wazi, simu ikiwa bado imebanwa sikioni.

Kwenye simu ni bintiye, Shiru. "Mami, maji yameingia," anasema huku akilia. "Yamefika kitandani. Siwezi kumwinua cucu peke yangu. Mami, kuja!"

Cucu ni mamake Rahab. Ana umri wa miaka themanini na mmoja na hajasimama kwa miguu yake tangu mwaka juzi. Nyumba yao iko laini ya chini kabisa, yaani safu ya mwisho ya nyumba, karibu na ziwa, kama mita mia nne kutoka ukumbini. Mvua imenyesha milimani Kinangop tangu asubuhi, mto umefurika, na ziwa lililokuwa limejaa tayari halina pa kuyapeleka maji hayo ila majumbani mwa watu.

Mbele ya Rahab wameketi watu zaidi ya mia, karibu wote wanaume wa Kihoto. Wengi wana wake na watoto katika laini hizo hizo za chini, na hakuna hata mmoja anayejua.

"Nikiangalia mlango, nataka kukimbia," anakumbuka Rahab. "Nikiangalia hawa watu, naona miguu mia mbili. Mimi niko na miwili tu. Nikitoka peke yangu, labda namwokoa mama yangu. Na hao wengine?"

Tumwache hapo kidogo na kipaza sauti chake, maana msomaji hataelewa ugumu wa dakika hizo bila kujua kwanza huyu mama anafanya kazi gani.

Rahab ana umri wa miaka arobaini na saba. Alikuja Naivasha akiwa msichana kutafuta kazi ya maua, akafunga maua kwa miaka kumi na mmoja, hadi siku kandarasi yake ilipoisha na hakuna aliyemwita tena. Baada ya hapo aliuza sauti yake sokoni. Wauza mitumba walimlipa awaitie wateja, na waliomsikia wanasema angeweza kumuuzia koti mtu aliyekuja kununua sukumawiki.

Kisha yakaja mashindano ya dunia ya mwaka huu na sheria yake ya mapumziko ya maji, dakika tatu katika kila kipindi. Wachezaji wanakunywa, na vituo vya televisheni vinajaza nafasi hiyo kwa matangazo ya kampuni kubwa kubwa.

"Nilikuwa nimekaa hapa nyuma siku ya kwanza," anasema. "Naona wanatangaza magari. Nani hapa atanunua gari? Watu wote wameinamia simu. Nikamwambia Wanyoike, boss, hizi dakika tatu ni shamba limelala bure. Nipe nilime."

Wanyoike, mwenye ukumbi, alimcheka kwanza. Kisha akampa.

Kazi yenyewe iko hivi. Kila tangazo ni sekunde thelathini kwa shilingi mia moja na hamsini, sita katika kila mapumziko. Nusu ni ya Wanyoike. Siku ambayo nafasi zote zimejaa, Rahab anarudi nyumbani na shilingi mia tisa, mara mbili ya alichokuwa akipata kwenye maua. Wateja wake ni wa hapa hapa: mama wa chapati, kinyozi, fundi wa pikipiki, na Kamande wa duka la vifaa vya ujenzi.

Picha ya televisheni haizimwi, na hata wakati wa matangazo wachezaji hubaki wakionekana kwenye kona ya skrini. Rahab anatangaza akiwa na jicho moja kwa watu na jingine kwa skrini. Wachezaji wakianza kujimwagia maji kichwani, anajua imebaki dakika moja. Wakitupa chupa nje ya mstari, imebaki kama sekunde kumi, na hapo anakata maneno hata kama bei ya fundi wa pikipiki haijatajwa.

Kuna sheria mbili za Wanyoike. Ya kwanza, sauti ya mpira irudi kabla mpira haujapigwa. Ya pili ni nzito zaidi: jina la mtu aliyekuja kutazama mpira halitajwi kwenye kipaza sauti, hata kwa mzaha, hata akiwa amekukalia vibaya namna gani. Sababu ni kwamba spika moja imetundikwa nje, ikitazama laini za chini ili iwavute watu, na si kila mwanamume aliyeketi pale ameaga kwao kwa ukweli.

"Kuna mtu hapa mkewe anajua yuko shifti Olkaria," anaeleza Wanyoike bila aibu yoyote. "Ukimtaja, umeniharibia mteja na umemharibia ndoa."

Rahab aliishika sheria hiyo kama amri ya kanisani. Watu walimpenda kwa kitu kingine. Alijua kuwashtua.

Watu walioinamia simu hawainui vichwa kwa kusikia bei ya chapati. Kwa hiyo Rahab alianza kila tangazo kwa kishindo. "Nani ameacha pikipiki ikiwaka moto hapo nje?" Ukumbi mzima unageuka, watu wawili wanaruka madirishani, ndipo yeye anamalizia: "Kama si yako, shukuru Mungu, na upeleke yako kwa fundi kabla haijawaka!" Wanaume wazima wanacheka hadi wanashika mbavu. Siku moja alitangaza kwamba polisi wameingia. Walibaki wanane tu.

Halafu, wiki moja kabla ya jioni ile, alifanya kosa ambalo hadi leo akilisimulia anaangalia chini.

Kamande alikuwa na gambuti za kuuza, vile viatu virefu vya mvua. Rahab alisimama katika mapumziko ya maji, akavuta pumzi, akapiga mayowe: "Kihoto imezama! Maji yako dirishani! Watoto wako juu ya meza!" Mabenchi yalianguka. Watu walifika mlangoni wakikanyagana. Ndipo akasema, "Usingoje siku hiyo. Gambuti kwa Kamande, mia sita pekee!"

Walicheka hadi kipindi cha pili. Kesho yake Kamande aliuza jozi kumi na tisa, na akalipia tangazo lile lile, maneno yale yale, kwa mechi nyingine. Mechi hiyo ndiyo ya jioni hii tunayoisimulia. Kamande mwenyewe amekuja, amekaa benchi la mbele kabisa, mikono magotini, anangoja kulisikia.

Haya, turudi.

Sekunde kumi zimeshapotea. Rahab anaweka kipaza sauti mdomoni na maneno yanayomtoka ni yale yale, kwa sababu ukweli haukuwa na maneno mengine.

"Kihoto imezama! Maji yameingia nyumbani! Tokeni!"

Ukumbi unaangua kicheko.

"Gambuti leo ni ngapi, mathe?" anapaza sauti kijana mmoja kutoka benchi la katikati. Ni Joash Okumu, mpakiaji wa maua, mcheshi wa ukumbi. Kamande anapiga makofi kwa furaha. Mia yake na hamsini inafanya kazi.

"Si tangazo! Haki ya Mungu, si tangazo!"

"Leo ameongeza na machozi," anasema mwingine. "Huyu mathe ni moto."

Rahab anageuza simu na kuibandika kwenye kipaza sauti. Kilio cha Shiru kinajaa ukumbini, na nyuma yake sauti ya sufuria zikigongana. "Mami! Mami, maji yanamfikia cucu!" Watu wanatazamana, na kwa sekunde moja Rahab anadhani wameelewa. Kisha mtu wa nyuma anasema binti naye ameajiriwa, sasa ni kampuni, na kicheko kinaanza upya.

"Hapo ndipo nilijichukia," anasema Rahab. "Nilijichukia kabisa. Kila nikisema ukweli, naona wanangoja bei."

Kwenye skrini, beki mmoja anajimwagia maji kichwani. Imebaki dakika moja. Rahab anajua jambo moja kuliko mtu yeyote Naivasha: mpira ukishaanza, hata akijichoma moto pale mbele hakuna atakayemsikia. Wanyoike, karibu na mlango, anamwonyesha kwa kidole saa yake ya mkononi.

Rahab anashusha sauti. Ile sauti ya sokoni, ile ya kuuza koti, anaiacha. Anasema polepole, kama mtu anayeongea jikoni.

"Joash Okumu."

Hakuna anayecheka.

"Joash, Anyango yuko laini ya tano na mtoto wa siku kumi na sita. Mlango wenu unafungukia ziwa."

Joash alimweleza mwandishi wa makala haya alivyojisikia. "Nilikuwa nimemwambia Anyango tunapakia maua hadi saa tatu. Sasa nasikia jina langu kwa spika, hadi nje. Nilijua hii si mchezo. Mathe hawezi kuvunja hiyo sheria kwa sababu ya gambuti." Hakukumbuka kuaga. Aliruka mabenchi mawili na kutoka mbio.

Kisha majina yakatoka mfululizo. Rahab alitazama sura moja baada ya nyingine, na kwa kila sura akataja nyumba. Laini ya nne, watoto watatu, mama yao yuko kazini. Laini ya sita, shangazi kipofu. Laini ya nane, yule wa mkongojo. Alitaja waliosema wako kanisani na waliosema wako Nakuru. Alimtaja hata mmoja aliyedai kwao kuwa ameenda matanga.

Wanyoike alimjia mbio akitaka kumnyang'anya kipaza sauti. "Rahab, umefutwa! Unanisikia? Umefutwa!"

"Nifute nikimaliza," akajibu Rahab, kwenye kipaza sauti hicho hicho.

Chupa zilianguka nje ya mstari. Sekunde kumi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, hakugusa rimoti. Refa akapuliza filimbi isiyosikika, mpira ukaanza bubu, na wanaume wa Kihoto wakauacha uende. Walitoka kwa mlango na kwa madirisha, wengine wakiwa wameshika mabenchi waliyofikiri yatafaa kubebea watu.

Kamande alibaki amesimama peke yake katika benchi la mbele. "Na tangazo langu?" aliuliza. Halafu uso ukambadilika. "Ng'ombe wangu! Rahab, ng'ombe wangu amefungwa laini ya saba! Sema!"

Basi Rahab akasema. "Aliye karibu na laini ya saba, ng'ombe wa Kamande amefungwa, mfungulieni." Akisimulia hapo huwa anacheka, kisha anaacha ghafla.

Pengine msomaji anauliza, na mama yake je? Kwa nini hakutoka sasa, watu wameshaelewa?

Ni swali ambalo Shiru mwenyewe alimuuliza, na kwa siku mbili hawakuongea vizuri. Rahab alibaki pale dakika kumi na moja zaidi. Giza lilikuwa limeingia, wanaume waliokuwa wakishuka walikuwa wanapaza sauti kuuliza nani mwingine, nyumba gani nyingine, na spika ya nje ndiyo iliyokuwa ikiwaelekeza. Akinyamaza, wanapapasa. Katika dakika ya nne simu ya Shiru ilikatika.

"Nilikuwa naita watoto wa wenyewe," anasema, "na wangu sijui kama yuko hai. Kipaza sauti kilikuwa kinanigonga meno. Nilikuwa nasema laini ya sita, laini ya sita, na moyoni nasema Shiru, Shiru."

Kisha stima ikapotea. Rahab akaangusha kila kitu na kukimbia na ndala zake, akazipoteza zote mbili kabla ya laini ya tatu. Katika laini ya tano maji yalimfika kiunoni. Upande wa ziwa, kati ya nyumba mbili, kiboko alikuwa amesimama akipumua, na vijana walikuwa juu ya ukuta wakipiga sufuria ili asije huku.

Hapo ndipo alipoona mtu anakuja gizani, amebeba kitu kikubwa mgongoni. Alikuwa Joash. Alikuwa ameshamtoa Anyango na mtoto hadi barabarani, akarudi. Mgongoni alikuwa na cucu, na cucu alikuwa anamgombeza kwa sababu kitambaa chake cha kichwa kimeachwa. Shiru alikuwa nyuma yao, ameinua blanketi juu asililoweshe.

"Nilimwambia, mathe, leo ni bure, hakuna bei," anasema Joash. Anyango, aliyeketi kando yake akimnyonyesha mtoto, anamkata jicho. Bado hajamsamehe lile la kupakia maua.

Kule ukumbini kulikuwa na jenereta ndogo ya Wanyoike, na aliiwasha kwa mazoea tu. Dakika ya thelathini na nane, timu ya Afrika ambayo Kihoto nzima ilikuwa ikiiombea ilifunga bao. Wanyoike ndiye pekee aliyeliona. Anasema aliinua mikono, akatazama mabenchi yaliyobaki, akaishusha.

Kufikia saa tatu usiku, watu wa nyumba sitini na tatu walikuwa wamekusanyika katika uwanja wa kanisa lililo upande wa juu. Walihesabiana, wakahesabiana tena. Kila aliyetajwa alikuwa pale. Ng'ombe wa Kamande pia alikuwa pale, amefungwa kwenye mlingoti wa kengele. Vijana walimbeba Rahab juu juu wakiimba, naye akawaacha wambebe.

Wanyoike alimfuta kweli. Alisema ukumbi umeharibiwa jina, wateja hawatakuja tena kuketi mahali pasipo na siri. Kufuta huko kulidumu mechi mbili. Jioni ya tatu watu walifika mlangoni, wakauliza mathe yuko wapi, wakasimama nje wasiingie. Wanyoike akapiga simu. "Sikumwomba msamaha," anasisitiza. "Nilimwambia arudi kazini tu."

Kamande naye alikuja na wazo. Alitaka tangazo lile lile lirudiwe, lakini sasa lianze na maneno, "Mliona wenyewe." Alisema gambuti zitauzika kuliko mkate. Rahab alimwambia atafute mtu mwingine. Amempoteza mteja wake mkubwa, na tangu siku ile hajamshtua mtu yeyote kwa uongo. Matangazo yake siku hizi ni ya kawaida. Wengine wanarudi kwenye simu zao, na kipato kimeshuka hadi shilingi mia tano kwa siku nzuri.

Ungedhani kwamba hapo simulizi limekwisha, na kwamba ni zuri. Watu wa Kihoto wangependa liishie hapo. Rahab ndiye anayekataa.

Asubuhi baada ya mafuriko, vijana waliokuwa wakizunguka na mtumbwi kutafuta magodoro walisikia kikohozi katika laini ya tisa. Walivunja mlango uliokuwa umekazwa na maji na matope. Ndani walimkuta Mzee Micah Kiprugut amekaa juu ya godoro alilolipandisha mezani, magoti yamegusa kidevu, maji yakiwa inchi chache chini yake. Alikuwa hapo usiku wote. Katika mkono wa kulia alikuwa ameshika mwiko.

Mzee Micah ana umri wa miaka sabini na mitatu. Alikuwa bawabu katika shamba la maua hadi nyonga ilipomshinda. Anaishi peke yake, haendi mpira, hana kijana wala mjukuu anayeenda. Katika benchi lolote la ukumbi ule hapakuwa na sura ya kumkumbusha mtu yeyote kuwa Mzee Micah yupo.

"Nilikuwa naita nikifuata mabenchi," anasema Rahab. "Naona sura, nataja nyumba. Yeye hakuwa na sura pale. Na napita mlangoni kwake kila siku. Kila siku, haki! Ananisalimia."

Siku ya tatu, Rahab alipata ujasiri, akapika uji na kumpelekea kwenye hema la kanisa alikolazwa. Alitaka kuomba msamaha lakini hakujua aanzie wapi. Mzee ndiye aliyeanza.

"Nilikusikia," alimwambia.

Rahab akauliza alisikia nini.

"Yote. Ile spika yako inatazama kwangu. Nilisikia Joash, nikasema vizuri, Joash ana mtoto mdogo. Nikasikia laini ya nne, ya sita, ya nane. Nikasema sasa inakuja tisa. Nikavaa koti." Alikunywa uji kidogo. "Halafu ukataja ng'ombe."

Rahab alikaa chini, akalia mbele ya watu.

"Usilie, mama, mimi niko," Mzee Micah akasema. "Lakini nikuambie kitu, ili ujue. Mimi sikukaa kimya. Nilichukua mwiko nikapiga mabati. Nilipiga sana. Vijana walikuwa karibu, nawasikia miguu. Sasa nikipiga, wewe unaita. Nikipiga, unaita. Sauti yako ilikuwa kubwa kuliko yangu. Stima ilipopotea, nikapiga tena, lakini walikuwa wameshapanda juu."

Mzee Micah hana kinyongo, au anasema hana. Alipoulizwa kama amemsamehe Rahab, alijibu kwamba uji ulikuwa mzuri ila sukari haikutosha.

Rahab anasema maneno yale ya mwiko humwamsha. Huwa amelala katika chumba alichopanga upande wa juu, cucu upande mmoja na Shiru upande mwingine, anasikia mabati yakipigwa, anakaa kitandani. Ni mvua tu.

Amenunua daftari la kurasa tisini na sita. Pamoja na Shiru, wamepita katika kila laini ambayo bado ina watu, hata ile ya tisa ambako wengine wamesharudi maana hawana kwingine pa kwenda. Wanaandika nani anaishi wapi, na nani anaishi peke yake. Hadi sasa wamepata watu kumi na wanne wa aina hiyo, na saba kati yao Rahab hakuwa anajua majina yao. Wanyoike amemruhusu ayasome hayo majina katika sekunde thelathini za mwisho za kila mapumziko ya maji, bila malipo. Wanaume wananung'unika, lakini wanasikiliza.

Mashindano yatakwisha, na mapumziko ya maji yataisha nayo. Rahab anajua ziwa halifuati ratiba ya mpira. Ndiyo maana anazunguka na barua akiomba ofisi moja baada ya nyingine, na makanisa, wamsaidie kupata spika mbili za nguvu ya jua zitakazotundikwa kwenye mlingoti wa kengele, zikitazama laini za chini, zisizohitaji stima wala mechi. Amejibiwa mara mbili kwamba barua imepokelewa.

Alipoulizwa atazitumia vipi siku akizipata, mtu angetarajia maneno mengi kutoka kwa mwanamke ambaye amekula kwa sauti yake miaka yote hii. Alilaza daftari mapajani.

"Nilidhani kazi yangu ni kupaza sauti," alisema. "Siku hiyo ikifika, nitaita dakika moja. Halafu nitanyamaza dakika moja, na kila mtu anyamaze, tusikilize ni nani anapiga mabati."